Vidole Kumi, Okestra Nzima

Piano ilibaki! Wallahi ilibaki, na wazazi wakasimama wote, hata wale wazee wa kamati ya shule ambao huwa hawachekei mtu!

Sasa skia. Ni Garissa, tisini na saba. Lul yuko kidato cha tatu, amejifundisha piano moja kuukuu pale shuleni. Lakini mwalimu mkuu anataka kile chumba cha piano kiwe stoo ya mahindi. Akamwambia, "Siku ya wazazi upige kitu cha maana. Wakisinzia, piano inatoka."

Lul naye, badala ya kutafuta kitu rahisi, akachukua kaseti ya okestra! Vayolini, filimbi, tarumbeta, ngoma, jeshi zima. Anasikiza, anarudisha nyuma, anatafuta kila sauti kwa piano. Na hataki kuacha hata moja. Vidole vikawa vinagongana tu.

Eedo Abshiro, dadake babake, akamletea chai pale shuleni. Akasimama mlangoni.

"We Lul, nani anapigwa humo ndani?"

"Eedo, hiyo ni okestra!"

"Mimi nasikia vita."

"Lakini zote ziko! Sijaacha yoyote."

"Na kwa kisima cha babako, ngamia wote hunywa pamoja?"

"Zii! Si watakanyagana? Unaita kundi moja, hao wengine wanango..." Lul akaigeukia piano, mdomo wazi.

Eedo akacheka mpaka chai ikamwagika. "Na unajiita binti wa wafugaji!"

Basi akaanza upya. Vayolini zikaitwa kwanza, mkono wa kulia. Zikishatosheka, zinapisha tarumbeta. Mkono wa kushoto ukakaa na ngoma na zile sauti nzito. Filimbi akaziacha kabisa. Ilimuuma, lakini afanyeje, vidole ni kumi.

Siku yenyewe ikafika. Anapiga vizuri, halafu katikati, puu! Mkono wa kulia umesahau. Wa kushoto haukusimama, ukaendelea na ngoma yake, na kule nyuma akina mama wakaanza kuupigia makofi kama wako harusini. Makofi yakashika ukumbi mzima. Lul akapumua, akaita tarumbeta, akamaliza.

Mwalimu mkuu akainuka. "Hayo mahindi yatatafutiwa kwingine," akasema. "Lul, hebu rudia."

Kama unajua mtu anajifunza muziki peke yake, mtumie hii.