Picha Juu ya Kiti cha Jirani

Vijana wa kampeni wanabandika picha za mgombea kwenye ukuta wa duka hapa Kimumu, na gundi yao ya unga wa ngano inanuka kama ya mama. Mama alibandika magazeti ya zamani kwenye kuta zetu za udongo ili kuzuia baridi. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye kuta hizo.

Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi. Jirani yetu, ambaye alituruhusu sisi watoto kutazama televisheni kwake, alikaa chini ya picha ya mwanasiasa fulani.

"Huyu mzee ni nani, dada?" aliuliza.

"Hata sijui. Nilipenda tai yake," mama akasema, na wote wakacheka.

Nilisimama, nikasoma maandishi ya gazeti chini ya picha kwa sauti kama darasani. Mzee huyo alisema watu waliotoka mbali warudi kwao. Jirani yetu alikuwa ametoka mbali. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara nyingi nikinywa uji, na sikuwahi kumwambia mama.

Jirani alimaliza chai yake, akaenda. Mama alibandua picha kwa kisu, akanishika mkono tukamfuata hadi kwake.

"Dada, unajua mimi sisomi," alimwambia mlangoni.

"Najua," jirani akajibu. "Lakini mtoto wako anasoma."

Ndani televisheni ilikuwa inaongea. Hakutukaribisha.