Sili ya Mashine ya Maji

Mtu akikuambia kazi ya mashine ni kukaza nati tu, mwache aende zake, huyo hajawahi kupakwa oili usoni. Masinde alijua. Alitoka kwao Kimilili akiwa kijana, akapanda treni mpaka Nakuru, akafagia karakana ya reli miaka miwili bila kuruhusiwa kushika hata spana. Alipochoka na ufagio, akaenda Subukia, kwa mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani, akaandikwa kumsaidia fundi wa mashine ya maji.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya silinda moja, imefungwa juu ya simiti kando ya mto. Ilisukuma maji mpaka juu mlimani, kwenye birika za ng'ombe wa maziwa. Ikisimama siku moja, ng'ombe wanalia. Ikisimama siku mbili, Bwana Miwani ndiye analia.

Fundi wake alikuwa Kahiga, Mkikuyu aliyezaliwa palepale shambani, baba yake alikuwa skwota, mtu aliyepewa kipande cha kulima kwa kumfanyia mzungu kazi. Sasa, mafundi wengi ni watu wachoyo, nasema kweli. Ikifika wakati wa kufungua kitu chenyewe, wanakupa mgongo usione. Kahiga hakuwa hivyo. Alimvuta Masinde karibu mpaka vichwa vikagongana, akamwonyesha kila kitu, miaka kumi mizima. Na mkewe, Wachuka, alimpakulia Masinde kila mchana kana kwamba ni shemeji wa kuzaliwa.

Ugonjwa wa mashine ile ulikuwa mmoja: kuvuja oili pale shafti, ule mhimili unaozunguka, inapotokea nje kushika puli, gurudumu la mkanda. Pale ndani kuna sili, pete ya ngozi inayokumbatia shafti ili oili isitoke. Fundi wa haraka akiona oili anang'oa sili, anatia nyingine, na baada ya wiki inavuja tena. Kahiga aliwacheka mafundi hao. Yeye kwanza aliosha mashine yote kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka unga wa mahindi mwembamba, ndipo akaiwasha. Unga ukilowa kwanza juu, oili inashuka kutoka kwingine, sili umeisingizia. Ukilowa kwanza kuizunguka shafti, hapo ni sili. Hata hivyo hakuigusa kabla ya kutazama pua ya mashine, lile tundu dogo inalopumulia. Alisema mashine ikizibwa pua, pumzi inajaa tumboni na kuisukuma oili nje, na hata ukiiwekea sili mpya kumi, zote zitashindwa.

Basi ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikawashuku Wakikuyu wote kwa uasi. Wakikuyu wakaanza kuondolewa mashamba yote ya Bonde la Ufa, wanapakiwa kwenye malori na kurudishwa kwenye rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, ambazo wengine hawakuwahi kuziona hata kwa macho. Shamba la Bwana Miwani lilibaki na Mkikuyu mmoja na familia yake. Bwana Miwani alimwambia afisa wa serikali waziwazi kwamba bila Kahiga maji hayapandi. Nyumba ya Kahiga, mke wake, binti yao Wangare, vyote vilisimama juu ya mashine ile, na kila mtu shambani alijua.

Mwezi wa tano mwaka wa hamsini na nne Kahiga akashikwa na homa ya mapafu. Siku ya tatu ya kulala kwake, mashine ikaanza kumwaga oili mpaka mkanda ukateleza kwenye puli. Masinde akaenda kumwambia. Kahiga alikuwa amekaa kitandani, Wachuka amemshika mgongo. Akamwuliza habari ya unga, akamwuliza habari ya pua, kisha akamshika mkono.

"Tengeneza," akasema. "Lakini Bwana akiuliza, mwambie nilikuwa nikikuelekeza. Umenisikia, ndugu yangu?"

Masinde akasema amesikia.

Na kazi aliyoifanya siku ile, siwezi kumdhulumu, ilikuwa kazi safi. Alikuta pua imezibwa na majani na vumbi, akaizibua kwa waya. Akatoa sili kuukuu bila kukwaruza nyumba yake, lile tundu inamokaa. Akailoweka mpya kwenye oili, akaifunga shafti kwa karatasi ya sigara ili ukingo wake mkali usikate ngozi, akaiteremsha sili mdomo ukitazama ndani kwenye oili, akaigonga taratibu kwa kipande cha bomba, huku na huku, mpaka ikakaa sawa. Akawasha. Akapaka unga. Nusu saa nzima unga ukabaki mweupe.

Bwana Miwani akashuka kutoka juu, akainama, akapitisha kidole chini ya shafti. Kikatoka kikavu. Akauliza nani ametengeneza.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Masinde mpaka leo. Miaka kumi watu walikuwa wakimwita boi wa spana. Miaka kumi hakuna mzungu aliyemwuliza jambo lolote. Ulimi hauna mfupa, jamani.

"Mimi, Bwana," akasema. "Mimi mwenyewe, peke yangu."

Bwana Miwani akamgonga begani, akaondoka akipiga mluzi. Masinde alifurahi kwa muda wa kupanda kile kilima tu. Alipofika kwenye mlango wa Kahiga akakumbuka alichoagizwa. Wachuka akamwuliza imekuwaje. Akasema mashine imepona. Hayo mengine hakuyasema.

Siku tisa baadaye karani wa shamba akasema jina la Kahiga limeingia kwenye orodha ya wanaoondolewa, lori litakuja Ijumaa asubuhi. Masinde hakulala. Alfajiri ya Ijumaa akateremka mtoni, akachukua bisibisi, akairarua ile sili aliyoiweka kwa mikono yake, akawasha mashine, akaitazama ikimwaga oili juu ya simiti. Kisha akakimbia mpaka kwenye veranda ya Bwana Miwani. Akamwambia mashine imekufa, kazi ile imemshinda, alidanganya, Kahiga ndiye aliyemwelekeza kila hatua, na bila Kahiga ng'ombe watakufa kwa kiu.

Bwana Miwani alimsikiliza mpaka mwisho, hakupandisha hata sauti.

"Juma lililopita uliweza," akasema. "Leo pia utaweza. Nenda, na usitoke huko mpaka maji yafike juu."

Akamtuma nyapara asimame naye mlangoni mwa kibanda.

Kwa hiyo lori lilipokuja, Masinde alikuwa amepiga magoti chini ya mashine, anaosha shafti kwa mafuta ya taa. Alisikia breki zake. Alisikia mtoto akilia, akamjua ni Wangare. Aliomba dakika moja tu akaage, nyapara akatikisa kichwa. Machozi yakamzuia kuona mdomo wa sili unatazama wapi, ikambidi aupapase kwa kidole. Lori likaondoka, likapanda kilima kwa gia nzito, na yeye bado anagonga bomba, huku na huku. Saa nne maji yakafika juu.

Chepkemei, aliyekamua ng'ombe, ndiye aliyemweleza baadaye. Kahiga alikuwa ameuliza Masinde yuko wapi. Akaambiwa yuko mtoni, mashine imeharibika. Akasema wamwache, asisumbuliwe akiwa kazini.

Mwaka wa hamsini na nane Wachuka akarudi Subukia na kibali cha kuchuma kahawa, amemshika Wangare mkono. Kahiga hakuwako. Mapafu yalimrudia kule rizavu, wakati serikali ilipowachimbisha watu handaki, akafa kabla ya mvua. Masinde alimkuta mama huyu kwenye foleni ya kuandikwa kazi, akasimama mbele yake, akamwambia yote: alichoagizwa, alichomjibu Bwana, na zile siku tisa za kunyamaza. Hakujitetea hata neno moja.



"Alijua," Wachuka akasema. "Bwana mwenyewe alimwambia ulichosema, palepale kwenye lori. Kahiga akacheka kidogo, akaniambia sili uliiweka vizuri, kwamba hata yeye asingeiweka vizuri zaidi. Alikusamehe kabla hatujafika barabara kuu."

Masinde akalia mbele ya watu, mtu mzima yule, bila kujificha.

"Yeye alikusamehe," Wachuka akasema. "Mimi bado."

Karani akaita anayefuata, na Wachuka akamvuta mtoto, wakasogea mbele.