Chupa Mbili za Bromidi

Lukumani Feruzi alikuwa na miaka kumi na mmoja katika maabara ya kampuni ya dawa za wadudu, mjini Stanleyville, na hakuwahi kuvunja hata kijiti cha kioo. Ndiyo maana asubuhi ile ya 1956 damu ilimchemka. Bwana Delvaux, Mbelgiji mkuu wa maabara, alisimama mbele yake na chupa mbili zisizo na lebo.

"Boy, weye ndiyo ulibandua étiquette! Sasa nitajua namna gani? Kesho usirudie hapa."

"Hapana, Bwana. Mende ndiyo walikula gundi. Alors, niache nipime."

Zote mbili zilikuwa bromidi ya butili: maji maangavu, kaboni nne, bromini moja, uzito karibu uleule, ila mpangilio tofauti. Mizani isingefaa kitu. Lukumani alidondosha kidogo cha kila chupa katika mrija wake, juu ya nitrati ya fedha na spiriti. Mrija wa kwanza ukawa mweupe papo hapo kama uji. Wa pili ukakaa kimya mpaka alipoutia katika maji ya moto.

"Hii ya kwanza," alieleza, "kaboni yenye kushika bromini iko katikati ya wenzake watatu. Bromini inatoka yenyewe, inaungana na fedha, ndiyo weupe ule, halafu spiriti inakamata fasi yake. Hii ingine, bromini iko mwisho wa mustari. Haitoke mupaka mwingine akuye kwa mugongo, amusukume."

Delvaux hakuomba radhi. Alifungua daftari akaandika matokeo kwa jina lake mwenyewe, na mkurugenzi alipopita akajigamba bila haya, Lukumani akiwa hapohapo na kitambaa mkononi. Huo si wizi ni nini? Saa mbili akuite mharibifu, saa nne akuibie akili!

Akaamriwa aandike lebo mpya. Penye "amepima" akaandika jina lake. Delvaux akazichana.

"Boy hawezi kutia sahihi."

Lukumani alichukua tupa ya kukatia mirija ya kioo, akachora juu ya kila chupa, kwa herufi za kina, jina la bromidi na chini yake: L. Feruzi.

Delvaux alisugua kwa kidole gumba. Akasugua kwa spiriti. Akakwangua kwa kucha mpaka akawa mwekundu usoni. Kulifuta jina lile ingebidi avunje chupa, na bromidi nyingine hakuwa nayo.