Kikombe cha Bibi Veronika

Vyuo vilipofungwa mwaka ule wa korona, Tulinagwe alirudi Tukuyu na begi moja na kikohozi. Alikuwa mwaka wa pili Dodoma, akisomea ualimu. Basi zima lilikuwa likikohoa kwa vumbi, kwa hiyo hakukitilia maanani.

Nyumba yetu na yao, pale mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, zinatenganishwa na migomba tu. Nilimwona alivyopokewa. Bibi yake Veronika, aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, alikuwa ameketi barazani na kikombe chake cha bati cha buluu, anakunywa chai. Tulinagwe alipiga magoti mbali kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Dodoma mnakula vitabu?"

"Bibi, wametuambia tusikaribiane."

"Waliosema hivyo walilelewa na nani? Hebu njoo hapa. Kunywa."

Akampa kikombe. Tulinagwe akanywa nusu, bibi akamalizia. Usiku wakalala kitanda kimoja, kama walivyozoea.

Baada ya wiki kadhaa bibi alianza kubanwa kifua. Kilikuwa kikimbana kila masika, kwa baridi na moshi wa kuni, hivyo hatukushtuka. Mama yake Tulinagwe, Tusekile, akamfukiza kwa majani ya mchaichai. Jumapili alfajiri bibi akafariki. Hakuna aliyempima. Mpaka leo hakuna anayejua kama ulikuwa ule ugonjwa au kifua chake cha siku zote.

Msibani kwetu wanawake hukaa ndani na marehemu, chini, juu ya majani ya migomba, bega kwa bega, wanalia. Tulinagwe hakuingia. Alisimama nje kwenye mvua, kitambaa puani, macho makavu.

"Msomi wetu anaogopa jasho letu," alisema mama mmoja karibu yangu.

"Anatuona sisi ndio korona," akajibu mwenzake.

Haikuwa hivyo. Aliniambia baadaye, siku moja tu aliyonisimulia yote, kwamba aliogopa kuwaingizia wale mama kitu alichokuwa nacho yeye.

Msiba ulipoisha akaacha kula. Mchana alilala ameelekea ukutani. Simu akaizima. Kazi pekee aliyoifanya bila kuambiwa ilikuwa kuosha kile kikombe, kwa maji ya moto na majivu, tena na tena, mpaka rangi ya buluu ikaanza kubanduka.

Alasiri moja walikuwa jikoni yeye na mama yake, wanachambua maharage.

"Mama, mimi ndiye niliyemuua bibi."

Tusekile aliangalia mlango kwanza. Kisha akamziba mdomo kwa kiganja chenye vumbi la maganda.

"Usirudie."

"Nilikuja nakohoa, mama. Nilikunywa kikombe chake."

"Mimi nimekuelewa. Hao wa nje hawatauliza habari za kikombe. Watauliza ni dawa gani umeileta huko ulikotoka, na kwa nini hukumlilia bibi yako. Unataka watufukuze hapa?"

"Basi niambie si mimi."

Tusekile aliinamia maharage. Hakuwa mtu wa kusema asichokijua.

"Chambua maharage," akasema.

Akamwita mzee wa kanisa, akamwambia binti ana huzuni ya bibi yake, basi. Mzee aliomba kwa sauti kubwa hata mimi nikasikia kwetu. Aliombea masomo, aliombea safari, aliombea na ndoa.

Mwezi Juni vyuo vikafunguliwa. Tusekile alifurahi kama mtu aliyepata dawa. Alidhani mtoto akirudi kwa wenzake, kwenye vitabu vyake, haya yote yatabaki huku nyuma. Asubuhi ya safari akapika mbalaga, ndizi na maharage, akazifunga kwenye majani. Hosea, mdogo wake Tulinagwe, akabeba begi.

"Dada, tembea! Utakuta vitanda vya chini vimekwisha, ulale juu kama kuku."

Tulinagwe akacheka. Nilimsikia, na nikadhani amepona. Akafungua begi apachike ile mbalaga, na ndani, juu ya nguo, akakuta kikombe. Mama yake alikuwa amekiweka kwa upendo, ili awe na kitu cha bibi huko ugenini.

Alikitazama. Akakaa chini pale pale barazani.

"Kule tunalala wanane chumba kimoja, mama," alisema. "Wanane."

Hosea alisubiri na begi mpaka basi likapita. Kesho yake akasubiri tena. Baada ya hapo begi likafunguliwa, nguo zikatolewa.

Sasa Tulinagwe anachuma chai katika shamba la mama yake. Ana mikono myepesi, kikapu chake hujaa mapema. Ila kwenye banda la kupimia majani hapangi foleni na wengine; husubiri waishe. Akikutana na wazee njiani husimama mbali, kwenye majani, akapiga magoti na kusalimia kwa kupaza sauti. Wao humwita Msomi, na humwambia asogee, hawang'ati.

Mwaka jana tulikuwa watatu shambani, ukungu umeshuka. Tusekile aliacha kuchuma.

"Mwanangu," alisema, "si wewe."

Tulinagwe aligeuka. Alimtazama mama yake kwa huruma, kama anayemwona mtu amebeba mzigo asiouweza.

"Ndaga, mama," akasema. Asante. Kisha akarudi nyuma kidogo, ili wasikaribiane, akaendelea kuchuma.