Sahani ya Vileja Iliyonitoa Timu ya Skuli

Haya yametoka kwa msomaji wetu aliyeko Muscat. Jina lake tunalijua sisi tu, na litabaki kwetu. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Admin, nifichie jina na jina la skuli pia, maana Muscat hii sisi tunaozungumza Kiswahili tunajuana mpaka mashangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa michezo katika skuli moja ya binafsi, nina mume na watoto wawili. Ukiniona utasema huyu katulia. Lakini moyoni kuna mtu nimemweka kiporo tangu nina miaka kumi na sita, na mwaka huu Mungu kamleta mpaka mlangoni kwangu.

Wazazi wangu walirudi Oman kutoka Unguja mimi nikiwa sijui Kiarabu cha kusomea, basi baba akanitia skuli ya Kiingereza. Huko ndiko nilikojua softboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Mimi nilikuwa mrushaji, na sijisifu, mkono wangu ulikuwa moto. Baba alinikubalia kwa shida, kwa sharti nivae suruali pana na mtandio usitoke kichwani. Nilicheza pamoja na Salma (si jina lake), jirani yetu wa Ruwi, mlango kwa mlango, shoga yangu wa kula sahani moja.

Nje ya skuli palikuwa na timu ya wasichana iliyokuwa ikisafiri Alkhamisi na Ijumaa, siku zetu za mapumziko enzi hizo, kwenda kucheza Dubai. Sheria ya skuli ilikuwa hivi: msimu ukishaanza, ukichezea timu nyengine huchezei tena skuli mpaka msimu uishe. Sote tuliijua na sote tuliivunja, Salma wa mwanzo. Mwalimu wetu alikuwa akifumba macho, maadamu hakuna aliyemwekea ushahidi mezani.

Safari moja Salma alikuwa anaumwa, hakwenda. Tukashinda, mimi ndiye mrushaji. Mama yangu, Mungu amrehemu, alifurahi mpaka akalia. Alikuwa mtu wa Unguja hasa, kwake furaha haiwi furaha mpaka jirani aitie mdomoni. Akachoma vileja, vile vibiskuti vyetu vya unga wa mchele na samli, akavipanga kwenye sahani zake za maua, zikapelekwa mtaa mzima. Kwa kina Salma nilipeleka mwenyewe.

"Mama kasema karibuni, tumeshinda Dubai."

Salma akanikumbatia. "Hongera shoga yangu, wallahi umetutoa kimasomaso!"

Jumamosi asubuhi nikaikuta sahani ya mama yangu juu ya meza ya mwalimu wa michezo. Walimu wanakula vileja, wanauliza vya sherehe gani, na Salma kasimama pembeni anawaeleza kila kitu, Dubai na ushindi na jina langu. Mwalimu hakuweza tena kufumba macho. Salma akaniangalia akasema, "Samahani, nilidhani umeruhusiwa." Mchana ule ule nikatolewa kwenye timu, na mrushaji mpya akawa yeye.

Skuli ilichukua kombe. Baba aliitwa, akarudi amevimba kwa hasira. "Nimekupa ruhusa, wewe umenitia aibu mbele za watu. Khalas, mpira basi!" Sikushika tena glavu mpaka nilipoolewa.

Hayo yote ningeyasamehe. Nisilolisamehe ni la mama. Tangu siku ile hakupeleka tena sahani kwa mtu. Ikija Idi anapika, tunakula wenyewe, mlango umefungwa. Alipokuwa mahututi alinishika mkono akaniambia, "Nisamehe mwanangu, vileja vyangu ndivyo vilivyokuponza." Nikamwambia si wewe mama, ni Salma. Hakuamini. "Salma mtoto wa watu, hana ubaya." Akafa na maneno hayo.

Sasa mwaka huu ameingia skulini kwetu msichana wa miaka kumi na nne, mrushaji hodari. Nilivyomwona anavyokunja kifundo cha mkono, nikamjua kabla sijauliza jina la mama yake. Sheria ni ile ile, na mwenye kusema nani acheze na nani asicheze ni mimi. Ijumaa iliyopita nimemwona kwa macho yangu kiwanjani Al Khoudh akichezea timu ya nje. Nikanyamaza. Nilitaka niuonje kwanza utamu wa kisasi.

Salma akanipigia simu. Hakuanza na samahani, alianza na kicheko.

"Shoga, dunia ndogo! Nasikia umemwona mwanangu. Utanifichia, au sio? Yale yetu yalikuwa utoto, na mtoto hana kosa."

"Hana," nikamjibu, nikakata simu.

Jana alasiri mtoto mwenyewe akaja nyumbani na sahani ya halwa imefunikwa kitambaa. Akaniamkia kwa adabu. "Mama kasema karibu, mwalimu." Masikini anacheka, hajui lolote.

Mume wangu ananiambia, "Mama watoto, usimlipize mtoto wa mtu." Sawa. Na mimi nilikuwa mtoto wa nani?

Fainali ni wiki ijayo. Jumapili mkuu wa skuli ataniuliza kama wachezaji wangu wote ni halali, na mimi nitamjibu. Sheria iko upande wangu, hakuna wa kunilaumu. Halwa yake nimewagawia majirani, mimi sikuitia mdomoni. Sahani nimeiosha, iko hapa mezani. Na nyinyi mnajua, kwetu sahani ya mtu hairudi tupu.

Nishaurini ndugu zangu, na asinambie samehe yule asiyemjua mama yangu. Sahani ya Salma niirudishe na nini?