Anayefunga Nyuma Hukaa Nyuma

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka, harufu ya maua ya kahawa hunijia kwanza, kabla ya sura za watu. Wakati huo Ruiru ilikuwa mashamba. Pale unapoona maghorofa na nguo zimeanikwa kwenye roshani, palikuwa na mibuni tu, na ilipochanua, weupe wake ulikwenda mpaka macho yakachoka. Barabara nyekundu za changarawe zilipita katikati, na kaka yangu Njoroge alizipenda kuliko alivyompenda msichana yeyote. Hayo ni maneno ya Mama, si yangu.

Leo umeniletea kigari chako nikufungie nyuma, springi na shokomzoba zake, upate kukimbia nacho kwenye changarawe. Nitakufungia. Lakini chai iko, keti kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa kike pekee katika gereji ya Mzee Pritam, kule Eneo la Viwanda, Thika. Mzee Pritam alikuwa Singasinga mwenye kilemba cheupe na ndevu za kufika kifuani, na Kikuyu chake kilikuwa safi kuliko changu. Springi hubeba, alinifundisha, na shokomzoba hutuliza. Nyuma ya gari dogo ikiwa laini kiasi, tairi hulifuata shimo, hushuka nalo na kupanda nalo. Ikiwa ngumu, gari huruka, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Tena alikuwa na sheria moja iliyowachekesha wateja: fundi aliyefunga nyuma ya gari la mashindano lazima akae kiti cha nyuma, dereva alipeleke mbio kwenye changarawe, na fundi ashuke akiwa mwekundu kwa vumbi toka utosini hadi kwenye kope. Bila hivyo gari halikutoka kwake.

Sasa, gari la Njoroge lilikuwa limelegea nyuma. Vijana wa gereji jirani walikuwa wakilipigia mbinja: "Hiyo gari imechuchumaa, inatafuta choo!" Maneno yalinichoma, mwanangu, nilikuwa na majivuno mengi kuliko spana. Nikaliendea gari kubwa lililokuwa limekufa kule uani, nikatoa springi zake nene, nikazikata kwa msumeno, nikazifunga kwenye gari la kaka yangu. Nyuma ikainuka, vijana wakanyamaza. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini siku hiyo nilijiona nimevaa hariri.

Mashindano yalikuwa kesho yake. Mama alikuwa amenishika mkono asubuhi akaniambia, "Njoroge ni dereva tu. Wewe ndiye fundi. Nimemwacha kwa mikono yako."

Nilibakiwa na jambo moja, kukaa nyuma. Na hapo ndipo uzuri uliponiponza. Mchana ule tulialikwa Juja, ruracio ya binamu yetu, siku ya kupeleka mahari, na nilikuwa nimesikia kuna mwalimu fulani atakuwepo. Basi nilikuwa nimenyoosha nywele kwa kitana cha moto, nikaungua sikio, nikavumilia. Nizipeleke nywele hizo kwenye vumbi? Thubutu!

Mzee Pritam akaja akifuta mikono. "Wairimu, umekaa nyuma?"

"Nimekaa, Mzee."

"Na iko aje?"

"Iko sawa kabisa."

Akaniangalia nywele kwa muda mrefu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kichwani pangu, peusi, panang'aa, bila chembe ya vumbi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningelia, na yangeisha. Alivua saa yake, akanipa nimshikie, akafungua mlango wa nyuma wa gari. Alikuwa amepita miaka sabini.

"Njoroge, washa. Twende mpaka kwa kahawa, turudi. Kimbiza vile utakimbiza kesho."

"Lakini Mzee, si amesema amekaa?" Njoroge akanikingia, naye alijua sikukaa.

"Washa gari, kijana."

Nilibaki nimesimama na ile saa mkononi. Kwenye kiwanda cha jirani walikuwa wakichemsha mananasi, na utamu wake ulijaa hewani mpaka nikahisi kizunguzungu. Ningeweza kuwakimbilia na kupiga kelele. Mwanangu, miguu ilikuwa mizima, lakini nilisimama tu, nikitazama vumbi likipanda mbali na kutulia, likipanda na kutulia, kama jambo linalotokea kwenye usingizi wa mtu mwingine.

Walirudi polepole. Njoroge alishuka kwanza. "Nyuma imeruka kwa kona ya kwanza, tukaenda upande upande mpaka kwa mtaro. Ngai! Hii kitu ingeniua kesho."

Mzee hakuweza kushuka mwenyewe. Tulimtoa, kila mmoja na mkono wake. Kilemba kilikuwa chekundu, mdomo unatoka damu, mkono mmoja kiunoni. Akapokea saa yake.

"Sasa imekaliwa," akasema. "Toa hizo springi."

Tulirudisha za zamani, tukaweka shokomzoba mpya, tukakandamiza buti ya gari kwa viganja: ikashuka, ikapanda mara moja, ikatulia. Kisha nikakaa nyuma mimi. Tulipita kati ya mibuni, na nyuma ya lile gari ilielea, kila jiwe nikilisikia likija na kwenda chini yangu bila ugomvi, na maua meupe yakipita madirishani. Nililia njia nzima. Juja hatukufika, na mwalimu alioa kwingine. Kesho yake Njoroge alimaliza wa tisa, akarudi nyumbani, akala sahani tatu.

Lakini mgongo wa Mzee Pritam haukunyooka tena. Aliishi miaka sita zaidi akitembea ameinama. Kila asubuhi niliingia gerejini na neno mdomoni, nikamkuta, nikasema habari ya asubuhi badala yake. Anajua, nilijiambia, nimwambie ya nini? Siku mwili wake ulipochomwa, kwa desturi ya watu wake, nilisimama kati ya waombolezaji na neno langu bado mdomoni. Ninalo mpaka leo, na linaniuma.

Basi nakuusia hivi. Kazi ya mikono yako ijaribu kwa mwili wako kabla hujampa mtoto wa mwenzio aipande. Hilo ni la gari. La maisha ni hili: ukikosa, sema nimekosa siku hiyohiyo. Usijifariji kwamba uliyemkosea anajua. Anajua, na kwa sababu anajua, anangoja.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akushike kwenye kila kona, akupe wazee wa kukuona unapodanganya, na akupe ulimi mwepesi wa kusema samahani wakati mwenye kuisikia yungali hai.