Kuku wa Wali Mweupe

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, kwa sababu tangu nilipoamka mikono yangu haikutulia.

Nilikuwa mke kijana wa Matondoni. Mume wangu Athmani, fundi wa majahazi, alikuwa amelazwa hospitalini mjini Amu, kisiwani Lamu, pamoja na mafundi wenzake watatu. Miguu ilikuwa imewalegea; hata kuinuka kitandani walishikwa. Kwa miezi walikuwa wakila mchele mweupe wa magunia, bila kitoweo cha maana.

Daktari wa pale aliutilia shaka mchele ule. Akafuga kuku katika matundu mawili: hawa wakila wali mweupe mtupu, wale wali uliochanganywa na pumba za mchele. Mimi, niliyekuwa huko nikimuuguza mume wangu, ndiye niliyewalisha. Kila asubuhi tuliwatazama wakirukia kijiti chao, tuone kama miguu ina nguvu.

Baada ya wiki chache, kuku wa wali mweupe wakaanza kuyumba. Jike mmoja wa kijivu aliruka akaanguka, akaruka tena, akaanguka. Sikuvumilia. Daktari alipogeuka, nikawatilia pumba kwa siri, na kila siku nikafanya vivyo hivyo. Wakapata nguvu, wakaruka kama wenzao.

Asubuhi ile daktari aliwatazama, akakunja uso. "Basi si mchele," akasema. Akaamuru wagonjwa waendelee na wali uleule.

Nilikwenda, nikarudi. Nikafagia ua niliokwisha kuufagia. Nilipompelekea Athmani chakula, vidole vyake vilishindwa kushika tonge.

"Mwanaisha, miguu si yangu tena. Sasa na mikono."

Niliweka sahani chini. Nilitoka mbio mpaka kwa daktari, nikamweleza yote.

Hakunipigia kelele. "Bi Mwanaisha, ungenililia siku ya kwanza ningekusikia. Umewahurumia kuku, ukawaficha watu dawa yao."

Siku hiyohiyo wagonjwa wakapewa uji wa pumba, na kunde. Athmani alitembea tena, kwanza kwa mkongojo. Mwenzake Shee dawa haikumwahi; tulimzika Ijumaa ile. Mkewe aliishi mtaani kwetu miaka mingi, na kila nikimwona anakuja, nilishika ndia nyingine. Alikufa sijamwambia nililolifanya.

Mwanangu, ukikabidhiwa jambo ukaligeuza, hata kwa huruma, sema siku hiyohiyo. Usingoje moyo utulie kwanza. Wangu haujatulia mpaka leo. Mwenyezi Mungu akupe ulimi usiochelewa kukiri, na akujaalie usiwe na mtu wa kumkwepa njiani. Amin.